Kuchagua na Kupima Buti za Kuteleza kwenye Barafu: Mwongozo kwa Walio Nakuru, Kisumu na Magharibi mwa Kenya

Mzazi anapomnunulia mtoto viatu vya shule mwezi wa Januari, mara nyingi huchukua nambari moja au mbili juu ya mguu wenyewe ili mtoto akue navyo, na hakuna anayemlaumu. Kwa buti za kuteleza kwenye barafu, desturi hiyo huharibu mambo kuliko kosa jingine lolote la ununuzi. Mtelezaji husimama juu ya chuma chenye unene wa takriban milimita 4, chenye kingo mbili kali, ukingo wa ndani na ukingo wa nje, na kila kona, kila mzunguko na kila mruko hutegemea kuegemea ukingo mmoja na kuuacha mwingine. Kisigino kikicheza ndani ya buti hata kidogo, mwili unaelekea huku na chuma kinabaki kule. Mtoto hujifunza kukunja vidole ili ajishikilie, kifundo cha mguu kinalalia ndani, na tabia hizo hukaa mwilini muda mrefu hata baada ya kupata buti zinazomfaa. Kwa hiyo buti huchaguliwa kwa kisigino kabla ya vidole, na kwa mguu ulivyo leo.

Huku kwetu hakuna barafu. Anayeitaka huelekea Nairobi, kwenye uwanja wa Hoteli ya Panari ulioko Barabara ya Mombasa, uliofunguliwa mwaka wa 2005, ambao uko takriban kilomita 160 kutoka Nakuru na 350 kutoka Kisumu, na ni vyema kupiga simu kabla ya kupanda gari ili kujua saa za kufunguliwa. Hata hivyo, buti yenyewe si mali ya barafu peke yake. Buti ileile ya ngozi yenye shingo ndefu na kisigino kilichoinuka hufungwa chuma kwa ajili ya barafu, au sahani yenye magurudumu manne kwa ajili ya sakafu, au fremu yenye magurudumu yaliyopangwa mstari mmoja na mpira wa kusimamia mbele, ambayo huiga mwendo wa chuma. Kijana wa Kisumu anayefanya mazoezi juu ya saruji siku zote na kwenda kwenye barafu mara chache anaweza kuanza na fremu ya magurudumu, na asipoteze mengi katika ujuzi wa mguu, mradi buti imemkaa. Sheria za kupima ni zilezile kwa hali zote tatu.

Kupima mguu

Kwa kuwa maduka yenye mafundi wa buti hizi hayapo karibu, kazi kubwa hufanyika nyumbani, na inapaswa kufanywa kwa makini kuliko anavyofanya muuzaji wa viatu vya kawaida. Pima jioni, kwa sababu mguu huvimba kidogo kadiri siku inavyokwenda, na katika joto la Kisumu tofauti hiyo huonekana wazi. Kwa sababu hiyohiyo, usimpime mtu aliyeshuka sasa hivi kwenye basi baada ya kukaa kitako kwa muda wa saa saba. Mwache atembee, alale, ndipo umpime jioni inayofuata.

Tandaza karatasi juu ya sakafu ngumu iliyogusana na ukuta. Mpimwa avae soksi nyembamba, ileile atakayoitumia kutelezea, kisha asimame wima, kisigino kikigusa ukuta na uzito ukiwa sawa juu ya miguu yote miwili. Mtu mwingine ndiye achore, kwa sababu anayejiinamia hubadilisha umbo la mguu wake. Penseli ishikwe wima kabisa. Ikilala kuelekea ndani, mchoro hupungua, na ikilala nje, mchoro huongezeka, na milimita 5 za kosa hilo zinatosha kukuhamisha nambari nzima. Pima urefu kutoka ukutani hadi ncha ya kidole kirefu kuliko vyote, ambacho kwa watu wengi ni kidole gumba lakini kwa baadhi ni cha pili. Pima upana mahali mguu ulipo mpana zaidi. Kisha chukua utepe wa fundi cherehani upime mzunguko wa mahali hapo, mzunguko wa mgongo wa mguu, na mzunguko wa kifundo. Andika kila kipimo kwa milimita, mguu wa kushoto na wa kulia kila mmoja peke yake, maana ni nadra miguu miwili kulingana.

Tuchukue mfano wa msichana ambaye mguu wake wa kushoto una milimita 232 na wa kulia 235. Kampuni za Italia kama Edea na Risport hutaja ukubwa wa buti kwa milimita na kupanda kwa hatua ya milimita 5, kwa hiyo huyu ataanzia kwenye 235, ndipo upana uamue mengine. Mguu mkubwa ndio unaochagua buti, na mdogo husaidiwa kwa soli ya ndani iliyo nene kidogo. Jackson ya Kanada na Riedell ya Marekani hutumia nambari zao wenyewe pamoja na herufi za upana, na nambari hizo kwa kawaida huwa chini ya nambari ya kiatu cha kutembelea. Anayeagiza kwa kusema tu kwamba mtoto huvaa saizi fulani ya viatu vya shule karibu kila mara atapokea buti kubwa. Tumia jedwali la kampuni husika, uingie kwa milimita, na usihamishe nambari ya kampuni moja kuipeleka kwa nyingine.

Upana unahitaji neno la ziada kwetu. Watu waliokua wakitembea miguu mitupu huwa na sehemu ya mbele iliyotanuka, vidole vikiwa vimeachana, ilhali kisigino kimebaki chembamba. Ukiwachukulia nambari kubwa ili vidole vipumue, kisigino kinaogelea. Ukichagua kwa kisigino, pembeni mwa kidole gumba na kidole kidogo kunabanwa. Jibu sahihi ni kushika urefu uleule, kupanda herufi ya upana, na mahali penye mfupa uliojitokeza kuomba ngozi ivutwe nje kidogo kwa kifaa maalumu. Fundi wa viatu mwenye kalibu nzuri anaweza kuvuta ngozi halisi namna hiyo pole pole, ila aelezwe wazi kwamba asiguse kisigino wala shingo ya buti. Zipo pia buti zinazotengenezwa kwa upana mmoja mbele na mwingine nyuma, na mwenye mguu wa aina hii, akiwa na uwezo, atafanya vyema kuziulizia.

Ugumu wa buti

Buti hupangwa kwa madaraja kulingana na ugumu wake, na ugumu unapaswa kufuata miruko anayoifanya mtu sasa pamoja na uzito wa mwili wake. Anayejifunza kusimama, kwenda mbele na nyuma, na kugeuka anahitaji buti laini kiasi kwamba anaweza kukunja goti na kifundo kikafuata. Anayeruka mruko wa mzunguko mmoja anahitaji ngumu kidogo, na anayefikia mizunguko miwili anahitaji ngumu zaidi, kwa sababu kutua kutoka hewani huubebesha mguu mzigo wa mara kadhaa ya uzito wa mwili. Mtu mzima anayeanza, kwa uzito wake, hupanda daraja moja juu ya mtoto aliye katika kiwango kilekile. Mzazi mwenye nia njema hupenda kununua buti ya mabingwa akidhani anamwekea mtoto akiba, kumbe mtoto mwepesi ndani ya buti ngumu hawezi kukunja kifundo, huteleza akiwa amesimama kama mti, na maumivu huhamia kwenye muundi, goti na kiuno. Mimi ningemvalisha mtoto buti ya daraja la chini inayomkaa vizuri kuliko ya daraja la juu iliyopatikana kwa bei ya kutupa.

Mitumba na kuagiza

Jozi mpya ya daraja la kati pamoja na chuma chake hugharimu makumi ya maelfu ya shilingi, kabla ya usafirishaji na ushuru, kwa hiyo si ajabu wengi wetu kukutana na buti hizi kwenye mitumba, Kibuye mjini Kisumu au kwenye vibanda vya viatu mjini Nakuru, zikiwa zimechanganyika na viatu vya magurudumu na viatu vya hoki ya barafu. Tofauti ya viatu vya hoki huonekana kwenye chuma: cha hoki hakina meno mbele na kimepinda juu ncha zote mbili, ilhali chuma cha mtindo wa kucheza barafuni kina meno mbele na nyuma kimenyooka na kurefuka kupita kisigino.

Ukiipata ya aina unayoitaka, iweke juu ya meza uitazame kwa nyuma, macho yako yakiwa sawa na meza. Shingo ikilalia upande mmoja, buti hiyo imekwisha kazi, hata kama ngozi inang'aa kwa rangi mpya. Kisha tazama ubavuni, pale kifundo kinapokunjika. Mikunjo myembamba ya juu juu ni ya kawaida, lakini mkunjo mzito ulioingia ndani, ambao ukiubonyeza kwa kidole gumba unadidimia bila kurudi, maana yake ni kwamba sehemu ngumu ya ndani inayoshikilia kifundo imevunjika. Ingiza mkono hadi kisigino upapase: sifongo iliyolika upande mmoja itaumbua kasoro ya mwenye buti wa kwanza, na mguu wako utafuata kasoro hiyo. Geuza soli. Kutu kwenye vichwa vya skrubu si hoja, kwa kuwa skrubu hubadilishwa, lakini bonyeza ngozi ya soli kwa ukucha kuzizunguka, na ikiwa laini kama mkate uliolowa, maji yameshaiozesha na haitashika skrubu nyingine. Mwisho, shika chuma juu ya mwanga ukitazame kwa urefu wake kama fundi seremala anavyokagua ubao. Kilichopinda hakinolewi kikanyooka. Kama meno ya mbele yamesagwa hadi kuisha, au chuma kimenolewa mara nyingi hadi kimo chake kimepungua sana, hesabu buti hiyo kama isiyo na chuma na upatane bei kwa msingi huo.

Anayeagiza kupitia ndugu aliye ng'ambo amtumie picha ya mchoro wa mguu pamoja na vipimo, na kando ya mchoro achore mstari wa milimita 100 kwa rula. Picha ikikuzwa au ikipunguzwa kwenye simu, mstari huo utamwonyesha mpokeaji ukubwa wa kweli. Amwombe pia muuzaji aeleze masharti ya kubadilisha, na buti zikifika zijaribiwe nyumbani juu ya mkeka, bila kufungwa chuma, kwa sababu buti iliyokwisha kutobolewa soli hairudishwi.

Kujaribu

Toa soli ya ndani kwanza, iweke sakafuni na usimame juu yake. Kidole kirefu kikae ndani ya ukingo wa mbele, kikikaribia kuugusa. Irudishe, ingiza mguu, na kabla ya kufunga kamba sukuma vidole mbele hadi viguse. Nyuma ya kisigino paingie kidole kimoja cha mkono kwa taabu. Kikiingia kwa urahisi na nafasi ikabaki, buti ni ndefu. Sasa piga kisigino chini mara mbili tatu ili kiketi nyuma kabisa, na vuta ulimi wa buti ukae katikati.

Kufunga kamba ni sehemu ya kupima, kwani buti nzuri iliyofungwa vibaya huonekana mbaya. Mbele, juu ya vidole, kamba ishike bila kubana. Kuanzia mgongo wa mguu hadi pale mguu unapokunjika kuelekea juu, kaza kwa nguvu, tundu kwa tundu, maana hapo ndipo kisigino kinaposhikiliwa. Kwenye kulabu za juu legeza kidogo, kidole kimoja au viwili viweze kupita nyuma ya shingo ya buti goti likiwa limekunjwa. Nafasi kati ya safu mbili za matundu iwe sawa kuanzia chini hadi juu, kama sentimita 3 hadi 5. Safu zikigusana, buti ni pana mno, na zikifunguka kama herufi V, ni nyembamba kwa mguu huo.

Simama wima: vidole viguse mbele kidogo tu, bila kukunjika. Kunja magoti: vidole vijivute nyuma, navyo viweze kunyooka na kuchezacheza. Jinyanyue kwa vidole na mtu mwingine ashike buti kwa nyuma ili aone kama kisigino kinapanda. Kisipande. Kaa na buti kwa dakika 20 huku ukitembea juu ya mkeka. Kubanwa kwa mguu mzima kama mtu anayekumbatiwa ni dalili njema katika buti mpya. Maumivu ya mahali pamoja, ganzi ya vidole, au kano ya nyuma ya kisigino kuchomwa ni dalili za kukataa. Mbali na ile soli iliyo nene kidogo ya mguu mdogo, usijaze pamba, usivae soksi mbili, wala usiongeze soli nene ili kuziba nafasi ya buti kubwa, kwa sababu hayo yote huinua kisigino kutoka kwenye kikombe chake na kuleta malengelenge.

Baadhi ya buti mpya huumbwa kwa joto: hupashwa moto kwenye jiko maalumu la dukani, kisha huvaliwa na kufungwa kamba hadi zipoe, nazo hushika umbo la kifundo. Kama muuzaji anayo huduma hiyo, iombe wakati wa kununua. Jiko la nyumbani halidhibiti joto vya kutosha, na gundi ikiachia, buti imeharibika moja kwa moja, kwa hiyo nisingemshauri mtu yeyote kujaribu kwa jiko la gesi au la makaa. Bila joto, buti hufuata mguu taratibu kwa kuvaliwa nyumbani, nusu saa nusu saa, kulabu mbili za juu zikiachwa wazi katika siku za mwanzo.

Chuma na matunzo

Chuma hufungwa na mtu anayejua, kwa kufuata mstari wa katikati ya soli, kuanzia katikati ya kisigino hadi kati ya kidole cha kwanza na cha pili. Fundi mwangalifu huweka kwanza skrubu chache tu kwenye matundu marefu, ambayo huruhusu chuma kusogezwa kidogo kulia au kushoto. Mtelezaji akienda mara kadhaa na mguu ukawa haulalii upande wowote, ndipo skrubu zilizobaki hutiwa. Chuma kipya mara nyingi hakijanolewa, kwa hiyo ulizia kabla ya kukanyaga barafu. Jiwe la kunolea visu halifai kabisa, kwani chini ya chuma kuna mfereji mwembamba kati ya kingo mbili, na mfereji huo hukatwa kwa mashine yenye gurudumu lililochongwa. Jiwe la kawaida huusawazisha mfereji huo na kuharibu kingo zake.

Baada ya kuteleza, futa chuma na soli hadi zikauke, fungua kamba hadi chini, toa soli ya ndani, na uache buti wazi kivulini. Jua kali hukausha ngozi ikapasuka, na unyevu wa kandokando ya ziwa huleta ukungu ndani ya buti iliyofungiwa kwenye mfuko. Vifuniko vya plastiki ni vya kutembelea tu nje ya barafu. Kuhifadhia, tumia vifuniko vya kitambaa, kwa sababu plastiki hufungia maji na chuma hushika kutu usiku mmoja. Soli ya ngozi ipakwe nta kabla ya safari ya kwanza, hasa kuzunguka skrubu.

Mtoto anayekua apimwe upya kila baada ya miezi mitatu, kwa karatasi na ukuta uleule. Nafasi ya ukuaji inayoweza kuvumiliwa ni nusu nambari, basi. Vidole vikianza kugusa mbele hata magoti yakiwa yamekunjwa, muda wa buti hiyo kwake umepita, hata kama ngozi bado ni nzima, na inaweza kurithiwa na mdogo wake au kuuzwa kwa mwingine. Anayerithi naye asimame juu ya karatasi, apimwe mwanzo hadi mwisho, awekewe soli mpya ya ndani, na buti zitazamwe kwa nyuma juu ya meza kama zile za Kibuye. Zikiwa zimelala upande, ng'oa chuma, kikaushe na ukihifadhi kwa buti nyingine, maana chuma kizuri huweza kuhudumia zaidi ya jozi moja mradi urefu wake unalingana na soli.